Wimbo wa Freddie, Hela ya Roger: Mikataba ya Bendi za Roki Inavyogawa Ulaji

Oktoba 31, 1975, bendi ya Queen ilitoa santuri ndogo ya nyimbo mbili. Upande wa kwanza ulikuwa "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Freddie Mercury, yule mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akaitwa Farrokh Bulsara. Upande wa pili ulikuwa "I'm in Love with My Car", utunzi wa mpiga dramu Roger Taylor, unaohusu mtu aliyelipenda gari lake. Wimbo wa Freddie ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Wa Roger, sidhani kama wengi walihangaika kugeuza santuri ili wausikilize. Hata hivyo hela ya utunzi ilikatwa katikati: nusu ya Freddie, nusu ya Roger.

Hapakuwa na upendeleo. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimtengea mtunzi asilimia 6.25 ya bei ya dukani ya santuri, na santuri ikiwa na nyimbo mbili, fungu hilo linagawanywa kwa mbili. Sindano imewekwa upande gani, hiyo ni shauri ya mnunuzi. Inasimuliwa kwamba Taylor alijifungia kabatini pale studio, akagoma kutoka mpaka wenzake wakubali wimbo wake ukae upande wa pili. Labda kisa kimetiwa chumvi, lakini mtu aliyejua hesabu ile angekuwa na sababu nzuri ya kulala kabatini. Wenzao wawili kwenye bendi, Brian May alipiga gita pande zote mbili, John Deacon akapiga besi pande zote mbili, na kwenye fungu la utunzi la santuri hiyo hawakupata hata peni.

Ukitaka kuelewa kwa nini bendi za roki zinaishia mahakamani, shika kwanza jambo hili: ndani ya wimbo uliorekodiwa mna mali mbili. Moja ni utunzi, yaani maneno na muziki wake. Nyingine ni rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani na watu fulani, ambayo watu wa kazi huiita masta. Bendi nyingine ikiurudia wimbo wa Freddie kwenye albamu yake, imegusa utunzi tu. Filamu ikitumia sauti ya Queen wenyewe, imegusa vyote viwili, na itabidi ibishe hodi milango miwili. Hata umri wa mali hizo mbili haulingani. Utunzi nchini Uingereza unalindwa miaka 70 baada ya mtunzi kufariki. Freddie alifariki Novemba 1991, kwa hiyo utunzi wa "Bohemian Rhapsody" una ulinzi hadi mwisho wa 2061. Rekodi inahesabiwa miaka 70 tangu itolewe, kwa hiyo masta ile ya 1975 itafika ukingoni mwisho wa 2045.

Utunzi huanza mikononi mwa mtunzi. Kwa kawaida yeye husaini na kampuni ya uchapishaji wa muziki, jina lililobaki tangu enzi za kuuza karatasi za nota. Kazi ya kampuni hiyo sasa ni kufuatilia nyimbo zinatumika wapi na kukusanya malipo yake. Rekodi huwa ya aliyelipia studio, na huyo mara nyingi ni lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki. Kwa hiyo mwanabendi mmoja anaweza kuwa na mifereji miwili ya hela, na mwenzake anayesimama hatua tatu kutoka kwake jukwaani akawa na mmoja.

Queen wenyewe walianza vibaya. Mwaka 1972 walisaini na Trident, kampuni ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, waliokuwa na studio Soho, London. Karatasi zilikuwa tatu: ya kurekodi, ya uchapishaji wa nyimbo, na ya umeneja. Hebu zitazame kwa pamoja. Kazi ya meneja ni kumbana mwenye rekodi ili msanii apate zaidi. Hapa meneja na mwenye rekodi ni mtu yule yule, sasa atambana nani? Studio walipewa kwa saa ambazo wateja wa kulipa hawakuzitaka, usiku wa manane. Kisha Trident ikaingia mkataba wake na lebo ya EMI, hela ikawa inatoka EMI inapita kwa akina Sheffield kwanza, na kila kilichotumika kwa bendi kinaandikwa kwenye daftari la madeni.

Mwishoni mwa 1974 wimbo wao "Killer Queen" ulipanda hadi namba mbili Uingereza, na waliouimba walikuwa bado wanaishi kwa posho ya wiki. Inasimuliwa kwamba John Deacon, aliyekuwa ametoka kuoa, aliomba hela ya kuanzia kununua nyumba akanyimwa. Norman Sheffield baadaye aliandika kitabu cha kumbukumbu kueleza upande wake: kwamba waliwekeza mtaji mkubwa kwa vijana wasiojulikana, na mtaji haurudi kwa wimbo mmoja. Kwa upande wa hesabu, hoja yake si ya kupuuzwa. Kwa upande wa mtu mmoja kukalia viti vitatu, sioni utetezi.

Mwaka 1975 walitoka, na mlango wa kutokea ulikuwa na bei: pauni 100,000, pamoja na mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, wa asilimia 1 kwa Trident kwenye albamu sita zilizofuata. Ya kwanza kati ya hizo sita ilikuwa A Night at the Opera, inayofunguliwa na wimbo wa matusi ambao Norman Sheffield mwenyewe aliutambua kuwa unamlenga yeye. Kila nakala iliyouzwa, aliyetukanwa anapata asilimia yake.

Sasa tuje kwenye ile hela ambayo magazeti hupenda kuitangaza, "bendi fulani imesaini kwa pauni kadhaa". Hiyo ni malipo ya awali, na haifanani na mshahara wala zawadi. Madereva wengi wa bodaboda wanaujua mkataba: unachukua pikipiki ya tajiri, unapeleka hesabu kila siku au kila wiki, muda ukitimia kadi inabadilishwa jina, pikipiki inakuwa yako. Mkataba wa lebo unafanana na huo hadi ukurasa wa mwisho. Unapeleka hesabu, deni linaisha, na kadi inabaki kwa tajiri. Masta haihami.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Lebo inatoa pauni 100,000. Meneja anachukua asilimia 20, yaani 20,000. Studio na prodyuza wanakula 60,000, mwanasheria 5,000. Zinabaki 15,000 kwa watu wanne, kila mmoja 3,750, za kuishi mwaka mzima na bado mtoza kodi hajapita. Albamu inauzwa dukani pauni 10. Mrabaha wa bendi ni asilimia 12, lakini prodyuza ana asilimia 3 ndani ya hizo, zinabaki 9, yaani peni 90 kwa nakala. Deni la 100,000 linalipwa kwa peni hizo 90 peke yake. Fungu la lebo haliguswi. Piga hesabu: zinahitajika nakala 111,112 kabla bendi haijaona peni ya kwanza ya mrabaha. Kufikia hapo zaidi ya pauni milioni 1.1 zimepita kaunta za maduka.

Na sijaongeza video, ambayo gharama yake, yote au nusu, huongezwa kwenye deni, wala hela ya kusaidia ziara. Albamu ya kwanza ikishindwa kulipa, salio linavuka kwenda ya pili, kwa hiyo albamu ya pili ikivuma inaanza kwa kumlipia marehemu. Kwa haki ya lebo niseme pia hili: mkataba wa kawaida hauiruhusu kuja kuchukua gita na godoro la msanii aliyeshindwa kuuza. Hasara ni ya lebo, na albamu nyingi hazirudishi mtaji. Zile chache zinazovuma ndizo zinazolipia nyingine.

Lakini tazama kinachotokea ndani ya bendi wakati deni linalipwa. Mrabaha wa utunzi kwa kawaida haukatwi kulipia deni la rekodi. Mtunzi analipwa kuanzia nakala ya kwanza. Mpiga besi anasubiri nakala ya 111,112. Wanalala chumba kimoja cha hoteli ya bei poa, wanakula chipsi zile zile usiku baada ya shoo, na mmoja wao ameshaanza kuulizia bei ya nyumba. Ugomvi unaosemwa kuwa ni wa "tofauti za kimuziki" mara nyingi ukiufuata nyuma unakufikisha hapa.

Kuna vifungu vidogo pia, na kimoja kinanichekesha kila nikikikumbuka. Santuri za zamani zilikuwa zinavunjika njiani, kwa hiyo lebo zilizoea kulipa mrabaha kwa asilimia 90 tu ya mzigo, kumi zikihesabiwa kuwa zimevunjika. Zikaja santuri za plastiki zisizovunjika kirahisi, kifungu kikabaki. Zikaja CD, kikaendelea kuonekana kwenye mikataba. Juu yake palikuwa na makato ya kifungashio, yaani msanii halipwi kwa bei yote bali kwa bei iliyotolewa thamani ya boksi na karatasi ya nje. Mikataba hunakiliwa kutoka mkataba uliopita, na kifungu kinachompa hela aliyeuandika hakuna anayekumbuka kukifuta.

Basi ni nani kati ya wanabendi anayesaini? Wengi hudhani ni wote. The Smiths wa Manchester walipoingia mkataba na lebo ya Rough Trade, waliosaini ni wawili: mwimbaji Morrissey na mpiga gita Johnny Marr. Mpiga besi Andy Rourke na mpiga dramu Mike Joyce hawakusaini. Mapato ya kurekodi na shoo yakawa yanagawanywa asilimia 40, 40, 10, 10. Bendi ikavunjika mwaka 1987, na Joyce akaenda mahakamani. Hakudai utunzi, alikubali kwamba nyimbo ni za wale wawili. Alidai robo ya kilichobaki, akisema hakuwahi kukubali asilimia 10.

Mahakama Kuu ya London ilitoa hukumu Desemba 1996, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1890 kuhusu ubia. Sheria hiyo inasema watu wakifanya biashara pamoja kwa lengo la faida ni wabia, na kama hakuna makubaliano mengine, mgawo ni sawa kwa sawa. Morrissey na Marr hawakuweza kuonyesha kwamba Joyce alikubali mgawo mwingine. Hapakuwa na karatasi. Joyce akapewa asilimia 25 na malimbikizo ya karibu pauni milioni moja. Morrissey alikata rufaa, akashindwa mwaka 1998. Rourke, yeye, alikuwa amebanwa na shida za hela. Mwaka 1989 alishamaliza kesi yake nje ya mahakama kwa pauni 83,000 na kukubali ile asilimia 10. Kazi ni ile ile, bendi ni ile ile, na mgawo uliachana kwa sababu mmoja alikuwa na uwezo wa kusubiri miaka saba na mwingine hakuwa nao.

Mambo haya hayakuishia miaka ya 80. Paramore wa Tennessee wanajulikana duniani kama bendi, lakini kwenye mkataba wa lebo ya Atlantic jina lilikuwa la mwimbaji Hayley Williams peke yake. Ndugu wawili, Josh na Zac Farro, walipoondoka mwishoni mwa 2010, hilo lilikuwa moja ya malalamiko yao. Baadaye mpiga besi Jeremy Davis aliondoka, na swali likaenda mahakamani likiwa uchi kabisa: alikuwa mbia au mwajiriwa? Mbia ana fungu la faida. Mwajiriwa analipwa mshahara na kuagwa. Walimalizana kwa makubaliano mwaka 2017.

Tofauti ya utunzi na rekodi inaonekana wazi zaidi ukiweka kesi mbili bega kwa bega. Mwaka 1999 wanachama watatu wa zamani wa bendi ya Spandau Ballet walimshtaki Gary Kemp, mtunzi wa nyimbo zao. Kwa miaka kadhaa Kemp alikuwa akiwagawia wenzake sehemu ya hela ya utunzi, kisha akaacha. Wao wakasema palikuwa na ahadi ya mdomo. Pia wakasema wana mkono kwenye utunzi wenyewe, kwa mfano ile saksafoni ya Steve Norman kwenye wimbo "True". Walishindwa kote. Ahadi haikuthibitika, na jaji akaona kupiga ala vizuri, hata kwa kubuni papo hapo, ni utendaji wa wimbo na si utunzi wake.

Sasa nenda kwa bendi ya Procol Harum. "A Whiter Shade of Pale" ya mwaka 1967 inaanza na kinanda cha Matthew Fisher, na hata asiyejua neno moja la Kiingereza anautambua wimbo kwa kinanda hicho kabla mtu hajafungua mdomo. Jina la Fisher halikuandikwa kwenye utunzi. Alikaa miaka 38 ndipo akashtaki, mwaka 2005. Mwaka 2006 mahakama ikampa asilimia 40 ya haki ya muziki wa wimbo ule, ikayumba kwenye rufaa, na mwaka 2009 majaji wa juu kabisa, wale wa Baraza la Malodi, wakamrudishia. Lakini hela alihesabiwa tangu alipodai. Ya miaka 38 ilikuwa imeshaliwa.

Mstari kati ya saksafoni ya mmoja na kinanda cha mwingine uko wapi? Wanasheria wana maelezo yao: jambo jipya, la asili, linaloubeba wimbo. Mimi nikisikiliza rekodi zote mbili bado napata shida kusema kwa uhakika ningeamuaje, na ndiyo sababu bendi zenye akili huwa hazitaki jaji awaamulie. Queen waliamua wenyewe. Baada ya miaka mingi ya kuvutana kuhusu wimbo gani uingie na upi ukae upande wa pili, kuanzia albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 nyimbo zao ziliandikwa jina la Queen, wote wanne, hata kama aliyekuja na wimbo ni mmoja. Bendi ya R.E.M. walifanya hivyo tangu mwanzo. Utaratibu huo una dhuluma yake, maana mvivu analipwa sawa na aliyekesha. Ila unaondoa sababu ya mtu kupigania wimbo wake mbovu kwa ajili ya fungu.

Kutoka kwenye mkataba ni sura nyingine. Bendi ya The Stone Roses walisaini na lebo ya Silvertone mwaka 1988 karatasi iliyowafunga wao kwa miaka na kuiacha lebo karibu huru. Haikulazimika hata kuzitoa rekodi zao. Mwaka 1991 mahakama ikasema mkataba wa upande mmoja kiasi hicho unamzuia mtu kufanya kazi yake isivyo haki, ukafutwa. California wana njia nyingine: sheria inayosema mtu hafungwi na mkataba wa kazi yake binafsi zaidi ya miaka saba. Bendi ya Thirty Seconds to Mars waliikimbilia sheria hiyo mwaka 2008, na EMI ikawadai dola milioni 30 kwa albamu ambazo hazijaletwa, kwa sababu tangu 1987 sheria ile ile ina kifungu kinachoipa lebo nafasi ya kudai fidia ya albamu zilizobaki. Mwaka uliofuata walipatana, wakarudi EMI.

Likabaki jina. Wapenzi wa dansi hapa kwetu hawahitaji kuelezwa sana: NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilika jina na bendi inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na kinachoitwa leo Msondo Ngoma kina miaka yote hiyo nyuma yake. Mwenye vyombo ndiye mwenye jina. Bendi za roki nyingi hazina mwenye vyombo wa namna hiyo, jina linakuwa mali ya ubia, na ubia ukivunjika bila karatasi kila mmoja anaondoka akidhani jina liko begani mwake.

Roger Waters alijitoa kwenye bendi ya Pink Floyd mwaka 1985 akiamini bendi imekwisha na jina linazikwa. Wenzake David Gilmour na Nick Mason wakaendelea kulitumia. Waters akaenda mahakamani mwaka 1986, mawakili wa pande zote wakaanza kuhesabu saa zao, huku Gilmour na Mason wakiwa wameshatoa albamu na wako barabarani wanajaza viwanja. Mwisho wake haukutoka mahakamani. Desemba 23, 1987, Waters alikwenda kwenye Astoria, boti ya Gilmour iliyotiwa nanga mto Thames na kugeuzwa studio, wakakaa na mhasibu na kompyuta moja. Wakachapa walichokubaliana, wakakitoa kwenye karatasi, wakasaini: jina la Pink Floyd kwa Gilmour na Mason, albamu ya The Wall, pamoja na haki ya kuipeleka jukwaani, kwa Waters.